Mashine ya kukatia viraka vya mfarishi: namna ya kuamua kabla hujatoa pesa

Ukishona mifarishi ya viraka, iwe ya vitenge, ya kanga zilizochoka au ya mabaki unayopewa na mafundi, unajua kinachokula siku. Chukua mfarishi wa inchi 84 kwa 90, unaotosha kitanda cha futi tano kwa sita na kuning'inia pembeni. Ukiushona kwa viraka vya mraba vya inchi 3 unahitaji viraka 840, na kila kimoja kina pande nne za kukata. Kikizidi kila kiraka kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, safu ya viraka 28 inazidi kwa inchi moja na robo tatu, na mfarishi wako unalala kitandani una mawimbi.

Ndiyo maana mashine za kukatia zinatamanisha. Mtu anatandika vitambaa, anazungusha mkono wa mashine, pembetatu zinatoka zimelingana zote. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye ameshatamani na sasa anataka kupiga hesabu. Msimamo wangu nautoa mapema: anayeshona peke yake, tena miraba na mistari mitupu, pesa yake aiweke kwenye vitambaa. Wanaofaidika na mashine hii ni watu wa aina tatu: anayerudia umbo gumu lile lile mamia ya mara, anayeshona kwa mabaki, na yule ambaye mkono wake umekataa kushika kisu.

Jua kwanza unachonunua

Mashine inayozungumzwa zaidi na washonaji wa mifarishi ni ya magurudumu. Ina magurudumu mawili yaliyobanana na mkono wa kuzungusha. Kazi yenyewe inafanywa na kalibu, yaani ubao wenye visu vyembamba vya chuma vilivyokunjwa kufuata umbo na kuzamishwa ndani ya sponji. Unatandika kitambaa juu ya kalibu, unafunika kwa bamba la plastiki, unasukuma mkate huo mzima kati ya magurudumu. Sponji inabonyea, visu vinapenya kitambaa hadi vikagusa bamba, na ukifunua kila tabaka limekatwa.

Kampuni iliyojenga jina lake kwa mashine hizi ni AccuQuilt ya Omaha, jimbo la Nebraska, Marekani. Mashine zake zinaitwa GO!, na zipo ndogo, za kati na za umeme. Kampuni inasema GO! inakata hadi tabaka 6 za kitambaa cha pamba kwa mpito mmoja. Wengine hutumia Big Shot ya Sizzix, ambayo mdomo wake una upana wa inchi 6 tu, kwa hiyo kalibu kubwa hazipiti.

Jamii ya pili ni mashine za kompyuta, kama Cricut Maker iliyotoka mwaka 2017, au ScanNCut ya Brother yenye skana ndani yake. Hizi hazina kalibu. Kisu kidogo kinafuata mchoro, kwa hiyo unakata umbo lolote unaloweza kuchora. Lakini zinakata tabaka moja, juu ya mkeka wenye gundi wa inchi 12 kwa 12 au 12 kwa 24, na mkeka huo unakusanya vumbi la nyuzi na kupoteza gundi. Kisu cha gurudumu cha Cricut, yaani kile cha duara kinachobingirika, hakipendi maumbo yaliyo chini ya robo tatu ya inchi. Kwa maua na majani ya kubandika juu ya kitambaa ni mashine nzuri sana. Kwa viraka 840 utazeeka mbele yake.

Ya tatu ni ile ya wima ya viwanda vya sare, yenye kisu kinachopanda na kushuka. Inakata rundo refu kwa mkupuo, lakini ni ya mikono ya mashati na miguu ya suruali. Iache huko.

Kuanzia hapa nikisema mashine, namaanisha ya magurudumu na kalibu.

Hatua ya 1: pima muda wako

Shona mfarishi mmoja, na saa iwe pembeni. Andika kwenye daftari muda wa kuchagua na kupanga rangi, wa kufua na kupiga pasi, wa kukata, wa kuunga viraka, wa kupitisha mishono inayoshika tabaka tatu pamoja, na wa kufunga pindo. Usikadirie kwa kichwa, maana kazi tusiyoipenda huonekana ndefu kuliko ilivyo.

Kisha uangalie hili: mashine haipunguzi pasi wala haichagui rangi. Kutandika kitambaa juu ya kalibu nako ni kazi, kwa sababu kila tabaka lazima lilale bila mkunjo. Ikiwa kukata kunachukua saa mbili katika kazi ya saa thelathini, hata mashine ya miujiza itakuokolea saa moja na nusu. Huenda tatizo lako ni cherehani inayoruka mishono, na fundi wa cherehani ni bei rahisi zaidi.

Hatua ya 2: orodhesha maumbo, usiorodheshe ndoto

Toa mifarishi yako mitano ya mwisho, au picha zake kwenye simu. Andika maumbo yaliyomo. Usiandike yale unayopanga kujifunza siku moja. Kalibu nyingi zinazouzwa zikiwa kuukuu zilinunuliwa kwa ajili ya siku hiyo.

Mistari na miraba. Hapa kisu cha gurudumu cha kushika mkononi (wembe wa duara kwenye mpini), rula ya plastiki ngumu na mkeka wa kukatia vinashindana na mashine bila aibu. Kisu hicho kililetwa sokoni na kampuni ya Olfa ya Japani mwaka 1979, na hadi leo chenye kipenyo cha milimita 45 ndicho kinachotumika zaidi. Kinapita tabaka nne za kitenge kwa msukumo mmoja.

Pembetatu. Hapa mashine inaanza kupata alama. Kalibu nyingi za pembetatu huziondoa pia zile ncha ndefu zinazochomoza, kwa hiyo vipande viwili vikikutana vinakaa pembe kwa pembe bila kubahatisha. Lakini pembetatu zina njia ya mkato isiyohitaji mashine, nitaieleza mbele.

Mikunjo, pembesita na maumbo yanayoingiliana. Robo duara inayoingia kwenye mraba uliomegwa, umbo lililobonyea ubavu huku na kutuna kule, pete zinazofungamana. Hapa mashine haina mpinzani. Kukata mkunjo wa ndani kwa mkasi kupitia tabaka nne ni kujitafutia makosa, na kosa la mkunjo halifichiki kwa pasi.

Ikiwa orodha yako ni mistari na miraba tupu, unaweza kuishia hapa. Sikutanii.

Na kuna washonaji ambao orodha yao haina umbo lolote linalojirudia. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama, Marekani, ambao mifarishi yao ilioneshwa kwenye jumba la sanaa la Houston mwaka 2002, walisifiwa kwa mistari isiyonyooka, iliyokatwa kwa jicho kutoka nguo za kazi zilizochakaa. Mkono wako ukiwa wa namna hiyo, kalibu itakuharibia kazi.

Hatua ya 3: pima upotevu

Ukikata kwa rula, kiraka kimoja kinagusana na kingine na kisu kinapita mara moja kati yao. Kwenye kalibu kitambaa lazima kivuke visu kidogo kila upande. Tuseme robo inchi huku na robo inchi kule. Kiraka cha inchi 4 kikiisha kushonwa kinakatwa inchi 4½, kwa sababu kila upande una robo inchi ya nafasi ya mshono. Kwa rula unahitaji utepe wa inchi 4½. Kwa kalibu unahitaji wa inchi 5. Umeongeza asilimia 11. Kiraka cha inchi 2, kinachokatwa 2½, kinataka utepe wa inchi 3: asilimia 20. Kadiri kiraka kinavyopungua, ndivyo upotevu unavyopanda, na kwa kitenge kinachonunuliwa kwa yadi hilo linaonekana mfukoni.

Ukishona kwa mabaki, hesabu inageuka kabisa. Kipande cha kitenge kilichobaki kwenye ukato wa gauni hakina upande ulionyooka. Kwa rula unakinyoosha kwanza, halafu unakata. Kwa kalibu unakitupia juu ya umbo linalotosha, kikivuka visu pande zote basi kimefaa. Mfuko wa mabaki kutoka kwa fundi nguo, ambao kwa kawaida unageuka kuwa matambara ya kufutia cherehani, unatoa viraka vilivyolingana kwa kasi ambayo rula haiiwezi. Kwangu mimi hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za kununua mashine, na wauzaji hawaisemi vya kutosha kwa sababu wao wanauza vitambaa vipya pia.

Kitenge kina jambo jingine. Michoro yake ni mikubwa, na mara nyingi unataka ua au ndege akae katikati ya kiraka. Juu ya kalibu huoni visu vilipo, kwa kuwa kitambaa kimevifunika. Inabidi upapase kwa vidole, tabaka moja moja. Inawezekana, lakini kasi imekwisha.

Hatua ya 4: bei nzima

Bei iliyobandikwa kwenye mashine ni mlango tu. Kila umbo ni kalibu yake, na kila kipimo cha umbo hilo ni kalibu nyingine: mraba wa inchi 2 na wa inchi 4 ni kalibu mbili. Mabamba ya plastiki yanachakaa yananunuliwa upya. Kisha usafirishaji, na kalibu ni nzito. Kisha forodha, na kodi ya ongezeko la thamani ambayo Kenya ni asilimia 16, Tanzania bara na Uganda asilimia 18.

Chora hesabu yako hivi. Tarakimu hizi ni za mfano tu, weka zako:

Mashine: 1,000,000
Kalibu nne kwa 180,000: 720,000
Mabamba: 80,000
Usafiri na kodi: 500,000
Jumla: shilingi 2,300,000

Sasa rudi kwenye daftari la hatua ya kwanza. Tuseme mashine itakuokolea saa 3 kwa mfarishi, na saa yako, kwa bei unayouza kazi yako kweli, ina thamani ya shilingi 4,000. Kila mfarishi unarudisha 12,000. Gawanya: mifarishi 192 ndipo mashine ijilipe. Anayeshona miwili kwa mwezi atafika huko baada ya miaka minane. Kikundi kinachoshona minne kwa wiki kitafika kabla ya mwaka kuisha.

Kwa hiyo kabla ya kununua peke yako, peleka habari hii kwenye kikundi au chama chenu. Mashine ya mkono haina mota ya kuungua, inakaa mezani tu, na kazi yake ni ya vipindi: mtu anakata asubuhi moja viraka vya kushona wiki mbili. Ni kifaa cha kushirikiana kuliko cherehani, ambayo kila mtu anaihitaji muda wote. Mkikubaliana, andikeni mambo matatu tangu mwanzo: mashine inakaa kwa nani, anayekata analipia kiasi gani cha kununulia mabamba mapya, na nani mwenye kauli ya kuchagua kalibu inayofuata. Hilo la tatu ndilo linalovunja vikundi. Mmoja anataka nyota, mwingine anataka mioyo, na mwisho wanunuzi sokoni wanataka pembesita.

Uko pia uwezekano wa kuuza viraka vyenyewe. Wapo wanaoshona ambao hawapendi kukata, na pakiti ya viraka 100 vya kitenge vilivyolingana ni bidhaa. Lakini usiweke mapato hayo kwenye hesabu kabla hujapata mnunuzi wa kweli.

Hatua ya 5: mkono wako

Hesabu zote zilizopita zinaweza kupinduliwa na kiganja. Kisu cha gurudumu kinataka mkono mmoja ukandamize rula huku mwingine ukisukuma kisu kwa nguvu, mamia ya mara, mgongo umeinama. Mwenye baridi yabisi kwenye vidole, au mkono unaokufa ganzi usiku, anaacha kushona si kwa sababu ya cherehani bali ya ukataji. Kwa mtu huyo saa zinazookolewa hazina maana. Swali ni kama mwaka ujao atakuwa bado anashona.

Lakini pima na upande wa pili. Mkono wa mashine nao unazungushwa, na kalibu yenye visu vingi ni nzito kuzungusha. Tatizo likiwa begani badala ya vidoleni, ya mkono inaweza kukuumiza zaidi, na hapo ndipo ya umeme inapopata sababu ya kuwapo. Ukinunua ya umeme kutoka Marekani, soma kibandiko cha volti: umeme wa kwao ni volti 120, wetu ni 220 hadi 240. Na siku umeme ukikatika, kazi imesimama.

Hatua ya 6: jaribu kwa kitambaa chako

Usinunue kwa kuona video. Tafuta mwenye nayo, au muuzaji anayekubali kuionesha, na uende na kitenge chako kilichofuliwa na kupigwa pasi. Kitenge kipya kina wanga na ni kigumu. Kikifuliwa kinalegea na wakati mwingine kinapungua kipimo, kwa hiyo jaribu hicho kitakachotumika. Beba pia kipande cha jinzi na cha kitambaa cha kuteleza, kama unavitumia.

Angalia jinsi kitambaa kinavyolazwa. Kitambaa kilichofumwa kinavutika zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, na urefu ni ule unaofuata ukingo wenye jina la kiwanda. Magurudumu yanasukuma, kwa hiyo uzi wa urefu uelekee njia mashine inakopitia. Ukilaza kinyume, kitambaa kinasukumwa na kuvutika chini ya bamba, kinakatwa kikiwa kimetanuka, kisha kikitoka kinajirudi. Kiraka kinakuwa kifupi na wewe unalaumu kalibu.

Kata tabaka sita. Chukua la chini kabisa na la juu kabisa, uyapime kwa rula. Tafuta sehemu ambayo nyuzi hazikukatika.

Kisha fanya kipimo kimoja ambacho hakidanganyi. Kata viraka kumi vya inchi 2½, vishone kwa mstari mmoja kwa nafasi ya mshono ya robo inchi, piga pasi. Mstari huo unatakiwa kuwa na urefu wa inchi 20½. Rudia kwa viraka kumi ulivyokata kwa rula. Mstari wa mashine ukiwa sahihi na wako ukiwa umepinda, umepata jibu. Yote miwili ikiwa mifupi kwa kiasi kile kile, shida iko kwenye mshono wako, na hakuna kalibu duniani itakayoirekebisha.

Hatua ya 7: jipe kwanza miezi mitatu ya njia rahisi

Nunua kisu cha milimita 45, wembe wa akiba, rula ya inchi 6 kwa 24 na mkeka mkubwa unaoweza kupata. Badilisha wembe mara unapoanza kuruka nyuzi; wengi wanaosema ukataji unawachosha wanakata kwa wembe butu.

Kisha jifunze kushona kabla ya kukata. Ukitaka miraba ya rangi mbili inayopishana kama ubao wa drafti, usikate miraba mmoja mmoja. Shona tepe mbili ndefu ubavu kwa ubavu, kisha zikate mapande kwa upana ule ule. Kila pande linatoka likiwa tayari na viraka viwili vilivyoungwa. Mashine inakata kila kitu kabla ya mshono wa kwanza, kwa hiyo ukiitumia umeachana na mkato huu.

Miraba yenye pembetatu mbili za rangi tofauti inapatikana minane kwa mpigo. Chukua kipimo cha mraba uliokamilika, ongeza saba ya nane ya inchi, zidisha kwa mbili. Kwa miraba ya inchi 2: 2⅞ mara mbili ni inchi 5¾. Kata miraba miwili ya inchi 5¾ ya rangi tofauti, ilaze uso kwa uso, chora mistari miwili ya pembe kwa pembe, shona robo inchi kila upande wa kila mstari. Kata katikati wima, katikati mlalo, kisha juu ya mistari uliyochora. Unapata vipande vinane vya inchi 2½, tayari kuunganishwa.

Kwa mikunjo, tengeneza kielezo kutoka filamu kuukuu ya eksirei: ni ngumu, inaonesha kitambaa kilicho chini yake, na mkasi unaiweza.

Ikiwa baada ya hapo bado unaikumbuka mashine, nunua.

Ukinunua

Anza na kalibu mbili: ya umbo lililoongoza kwenye orodha yako, na ya kipimo kinachotosha mabaki yako mengi. Ikiwa mashine si ya kampuni iliyotengeneza kalibu, ulizia upana na unene pia, kwani kalibu za kampuni tofauti hazilingani unene na zinaweza kutaka bamba la kujazia.

Kuukuu si mbaya, ila kagua. Bonyeza sponji kwa kidole: ikirudi juu ni nzima, ikibaki chini haitasukuma kitambaa kitoke. Tazama visu kwa upande kwenye mwanga, uone kama kipo kilichopinda. Zungusha mkono bila kitu ndani usikilize magurudumu.

Ndugu akikuletea kutoka ng'ambo, kalibu zikae kwenye begi linaloshushwa chini ya ndege, maana ni visu na hazitapita mkononi, na apime uzito kwanza. Kalibu chache zinamaliza sehemu kubwa ya kilo 23 zake.

Bamba la plastiki ligeuze na kulizungusha kila mpito, vinginevyo visu vinachimba mfereji pale pale na nyuzi zinaanza kubaki. Zikianza kubaki mahali pamoja tu, geuza bamba kabla hujasema kalibu imekufa. Na vumbi la nyuzi linalojaa kati ya sponji na visu litoe kwa brashi ya meno kuukuu, taratibu, ukifuata urefu wa kisu.